Jumapili za Baba Juu ya Manga

Kiharusi kilimwachia baba mkono mmoja na kikamnyang'anya maneno yote. Siku nyingine alitulia kitini kibarazani, lakini Jumapili ikifika, mbwa wake akija kumnusa magoti, baba alikuwa akiguruma na kuunyoosha mkono ule mzima kuelekea ukingo wa mlima wa Manga mpaka machozi yanamtoka. Alitaka nini huko juu? Swali hilo lilinikaa rohoni.

Kwetu ukinyoosha kidole, watu wanaona shamba. Kaka yangu aliamini baba alinunua kipande cha ardhi kimyakimya, akaanza kuulizia mipaka. Mama aliona ni mambo ya roho, akamwita mchungaji wa kanisa letu la Sabato. Mchungaji akaomba kwa kirefu, macho amefumba, na baba akamsonya. Baba, mzee wa kanisa mzima! Mama alitamani ardhi ipasuke immeze.

Mimi nikasema liwalo na liwe. Humu nyumbani kulikuwa na mmoja aliyefuatana na baba kila Jumapili, na hakuna aliyemshirikisha. Nikavaa gambuti, nikamwambia mbwa, "Haya, twende." Akamtazama baba kwanza. Baba akaitikia kwa kichwa, ndipo mbwa akatoka.

"Dada, siku hizi umeajiriwa na mbwa?" jirani yetu aliyekuwa akichuma majani chai akanitania.

"Ndiyo, na bosi mwenyewe ni mkali!"

Mashamba ya chai yalipoisha, njia ikawa mawe matupu. Kupanda Manga si mchezo. Mahali pengine nilishika mizizi kama mtu anayepanda ukuta. Ghafla mbwa akalala chini njiani. Nikamwita, wapi! Nikamfokea, akanitazama tu. Nikaketi kwa hasira, na hapohapo akainuka, akaendelea. Kwenye chemchemi akafanya vilevile. Mara ya tatu ndipo nikaelewa: hapo ndipo baba alipokuwa akipumzika. Mbwa alikuwa ananitembeza kwa pumzi za mzee.

Basi kila alipolala, niliketi na kutazama, nikitaka kujua baba aliona nini. Jiwe moja lilikuonyesha vilima vya Nyamira vilivyojaa chai hadi macho yachoke. Jingine halikuonyesha kitu ila kichuguu. Kwa nini alipumzika mbele ya kichuguu? Nimezaliwa chini ya ukingo ule, na sikujua kwamba baba yangu ana jiwe analolipenda.

Juu kabisa, upepo ulikuwa mkali, na upande wa pili nchi iliteremka kuelekea ziwani. Mbwa akatimua mbio. Chini ya mwamba aliketi mzee mwenye kofia, peke yake. Alipomwona mbwa akacheka kwa furaha, akatazama nyuma ya mbwa, akaniona mimi. Akavua kofia.

"Alizikwa lini?" akaniuliza kwa Kiswahili cha watu wa ziwani.

"Hajafa, mzee! Ni kiharusi. Mimi ni binti yake."

Akajifuta uso kwa ile kofia. Kisha akanieleza. Yeye hupanda kutoka upande wao, baba kutoka upande wetu, miaka na miaka, na huongea Kiswahili kwa sababu hakuna anayejua lugha ya mwenzake. Tangu baba augue, alikuwa akija kila Jumapili na kungoja.

"Si ungepiga simu, mzee?"

"Namba ya nini? Jumapili ni Jumapili."

Akaondoa jiwe bapa lililokuwa mbele yake. Chini yake, mwambani, kulikuwa na safu mbili za vishimo vilivyochongwa, vimejaa kokoto. Bao! Nyumbani bao lilikuwa mchezo wa wavivu. Sisi tulichapwa kwa sababu yake.

"Tulifika hapa," akasema. "Mwambie ni zamu yake. Na mwambie ananiogopa."

Niliteremka karibu kwa kukimbia. Nilipomweleza baba, alicheka kwa nusu ya mdomo, akalia, nami nikalia. Mama akashika kiuno mlangoni. "Bao?" Baba hakumjali. Kwa ngumi yake alibonyeza safu mbili za vishimo kwenye blanketi lililofunika miguu yake, akafikiri mpaka chai yake ikapoa, kisha akachomeka kidole katika kishimo cha mwisho upande wa kushoto.

Jumapili iliyofuata nikapanda tena, mbwa mbele. Nikazoa kokoto za kishimo kile, nikazigawa mojamoja kama mzee alivyonielekeza, bila kujua ninafanya nini. Ya mwisho ilipoanguka, mzee akainama, midomo ikihesabu kokoto zake zilizoliwa, kisha akaitupa kofia yake chini.

"Ni yeye," akasema. "Mwizi yuleyule. Hajaenda popote."