Inchi Tatu za Mikungu

Mpaka leo nikiona tepu ya fundi ya kupimia, nageuza uso.

Landrova yetu aliiacha marehemu baba, springi zimelala hoi. Mama nyonga imemharibikia, hatembei, na kliniki yake iko Moshi mjini. Masika ikianza, njia yetu ya Kirua Vunjo, huku mlimani, hubaki mawe matupu, na tumbo la gari lilikuwa likikwama juu ya jiwe kila safari. Ilibidi linyanyuliwe. Si kwa urembo.

Nikashuka kwa fundi mmoja mjini. Nilikuwa nimepakia mikungu kumi na minne ya ndizi ya kumpelekea dada yangu wa Mabogini, maana kwetu hushuki tambarare mikono mitupu, naye dada hakuachi urudi mlimani bila mchele. Fundi akachutama, akapima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi juu yake, akaandika ukutani kwa chaki. Kisha akasema mzigo ushushwe, kazi ianze. Jioni akapima tena, gari tupu. "Inchi tatu, bosi! Si nilikwambia?" Wenzake wakapiga makofi. Akajichagulia na mkungu, ule mnono kuliko yote, bila haya.

Wiki iliyofuata nikampakia mama na majirani wawili. Gari likakalia jiwe lilelile, kwaa! Mama akapiga ukelele, akashika nyonga. Majirani wakambeba kwenye kiti hadi barabara kubwa, mvua inamnyeshea, naye anawaomba radhi kwa kuwachosha. Yeye!

Nikamrudia fundi nimefura. Nikachungulia uvunguni: springi zilezile, kazipaka rangi nyeusi tu. Eti, "Gari lako lilikuwa limechoka siku ile." Mtu mzima huyo! Nikatema mate chini. Nikamwambia umepima na mzigo, ukaja kupima bila mzigo. Hata punda akituliwa gunia mgongo unanyooka, mshenzi wewe.

Akanitazama. "Bosi, si ulikuwepo? Ndizi ulishusha mwenyewe."

Kweli nilishusha mwenyewe, na niliona madigadi yakipanda kila nilipotua mkungu. Nikamwacha apime hivyohivyo, kwa kuwa nilizitaka zile inchi tatu nikazisimulie kanisani. Na nilizisimulia. Mama sasa halali kwa maumivu, na kila anayekuja kumpa pole, yeye humwambia kwamba mwanawe alimnyanyulia gari, ila jiwe ndilo limekua. Nami nipo pale pale, nakaribisha wageni chai.