Picha Moja Chini ya Migomba ya Izigo

Niliondoka Bukoba kwa sababu ya picha iliyoharibika. Mwaka jana nilikipiga picha kibanja cha mjomba, shamba la migomba la ukoo kule Izigo, nikapima mwanga wa anga juu ya ziwa, na migomba ikatoka nyeusi tii. Mama, ambaye magoti hayamruhusu safari, alitaka kuona kaburi la mama yake mle ndani. Hakuamini kwamba ni bahati mbaya.

"Kaka yangu amelilima," alisema. "Ndiyo maana kuna giza."

Saa mbili asubuhi nilipanda basi la kwenda Muleba. Kamera ya filamu haina kioo cha kukuonyesha ulichokosea, na mimi kwa tabia simwamini mtu, sembuse wingu. Njia nzima nilichungulia anga likizidi kuwa jeupe, nikakasirika.

Nilifika Izigo saa nne. Mjomba alinipa kiti uani, lakini kahawa ya kutafuna hakuitoa. Kwetu mgeni akinyimwa zile punje, ajue anachunguzwa. Nami nikaanza kumchunguza.

Nikatoa kipima mwanga, nikakielekeza kwenye kivuli cha migomba.

"Unapima nini?"

"Mwanga, mjomba."

"Waitu! Waliokuja na vyombo kwa jirani nao walikuwa na maneno matamu. Baadaye mpaka ukahama."

"Mama anataka tu kuona kaburi."

"Basi usiingie. Simama hapo hapo, piga moja, uende."

Moja! Jua lilikuwa kali, na kutoka pale uani macho yangu hayakuona kitu chini ya migomba. Nikifuata anga, kibanja kingezama gizani tena; nikifuata kivuli, ziwa lingeungua libaki jeupe. Kukaa katikati kungenipa nusu ya kila kitu, na mama hapokei nusu. Nikafuata kivuli. Mjomba aliusikia mlio mmoja, akanisindikiza hadi barabarani, akasubiri mpaka basi likaondoka nami.

Siku mbili baadaye, Bukoba, niliisafisha filamu mwenyewe. Ziwa halikuwepo kabisa. Lakini chini ya migomba kila kitu kilionekana: kaburi la bibi limefagiliwa, na ubavuni mwake pana sehemu nyingine, tupu, imezungushiwa mawe.

Mama aliisogeza picha dirishani, akalia. Aliachika zamani; hana kibanja cha kuzikwa, na jambo hilo hajawahi kumtajia kaka yake.

"Amenitengea mahali," alisema.

Niliona aibu. Giza lililomfanya amshuku kaka yake mwaka mzima lilikuwa kosa langu la kupima. Tangu hapo picha ikitoka nyeusi, naanza kumshuku mpigaji.

Mama alifuta macho, akaitazama tena picha, safari hii kwa jicho ninalolijua.

"Lakini mbona ameniwahi hivi? Amesikia nini?" Akanirudishia picha. "Nikodie gari Jumamosi. Nikamwulize nikiwa mzima."