Bangili ya Nabintu na Maji ya Amoniaki

Siku ya kwanza kapita, msimamizi wetu, alinipa ndoo, akanionya nisisimame upande unaopokea upepo. Nikasimama papo hapo. Machozi yalinitoka mpaka saa sita. Shule nilisoma miaka miwili tu. Mengine nilifundishwa na pua.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya Wabelgiji, hapa Uvira, karibu na mto Mulongwe. Walikuwa wakijaribu kutoa shaba katika mawe, na shaba yenyewe ilishikwa na kiberiti, ile salfa ya mawe. Mawe yalisagwa yakawa unga, unga ukatiwa katika pipa la maji ya amoniaki, na pompi ikapuliza hewa ndani. Sisi wanawake tulifua vitambaa vya kuchujia.

Bwana Injenia alitueleza: "Amoniaki bila hewa ni mpishi bila moto. Hewa inakigeuza kiberiti kuwa chumvi, shaba inaachiliwa, inayeyuka. Chuma kinabaki chini, tope jekundu." Maji yaligeuka buluu kali.

Maji hayo hula shaba yoyote, hata ya mkononi; kwa hiyo ikawa amri: mwenye bangili ya shaba aivue.

Nabintu, jirani yangu wa Rugenge, alikataa. Alivalishwa siku ya ndoa. Mume alikuwa kazini ng'ambo ya ziwa, na kwao mke akiivua mume yuko safarini, anamtakia kifo.

"Weye Nabintu, vua, ao rudi ukapalilie mihogo," kapita alisema.

"Anza na ya mke wako, kapita. Tutakuja kwenye matanga."

Wanawake walicheka. Mimi nikamnong'oneza: "Ifunge kitambaa, dada. Maji hayataigusa."

Nilimfundisha vibaya. Kitambaa kilinywa amoniaki, na hewa ikapita humo kutwa. Kila jioni kilikuwa na buluu. Niliiona, nikajiambia ni ya pipa. Mvua zilipokwisha, bangili ilikatika, nyembamba kama unyasi.

Mume akarudi mzima. Akaukuta mkono mtupu. Wazee wa pande mbili walipokaa, Nabintu aliniangalia.

"Mama Furaha, waambie. Uliona sikuivua."

Nilijua kapita akisikia tulimficha, na mimi nafukuzwa.

"Minye sijui kitu," nikasema.

Walimrudisha kwao.

Mimi nilifua vitambaa mpaka karakana ikafungwa, nikapumzika na macho haya yanayotoa machozi bila kilio. Wajukuu wanasema ni amoniaki. Siwakatalii. Lakini siku ile kwa wazee maneno yaliyotakiwa yalikuwa mawili tu: ni mimi. Nayaandika leo, na Nabintu amekwisha kuzikwa kwao.