Tensioner ya Afande Okello

Sijui hata nianzie wapi, jamani. Afande Okello hayupo. Jumamosi tulikuwa kwake tunachafuana grisi, Jumatatu napigiwa simu ati ameanguka kazini. Presha. Kufika hospitali, basi.

Kichwa changu bado kinakataa.

Kwa wasiomjua: askari wa trafiki, mtu wa Lira kule kaskazini mwa Uganda, rafiki yangu. Mimi ni Mkenya, nafanya logistics hapa Kampala, na sote wawili tulikuwa na ugonjwa mmoja, pikipiki kuukuu.

Tulijuana barabarani karibu na Kyambogo. Alinipungia mkono, nikasimama, nikaanza kutafuta leseni huku nimeshanuna. Akasema, "Weka hiyo, dada. Mimi nasikiza tu engine. Tappet yako iko na kelele." Nikamwambia ashughulike na magari. Jumamosi iliyofuata nilikuwa kwake barracks, kambi ya polisi, tunarekebisha tappet, vile vidude vinavyosukuma valvu.

Pikipiki yake ilikuwa ya marehemu baba yake. Wakati wa vita kule kwao mzee aliificha chini ya nyasi za kuezekea, ikapona. Okello alipopata kazi ya polisi aliipanda mpaka Kampala, begi limefungwa nyuma. Watu walikuja na bei nzuri, akawa anawapa chai na kuwasindikiza getini.

Mwaka huu ikaanza kusumbua tensioner. Ni kile kidude kinachokaza cheni ya ndani ya injini, ile cheni inayopangia valvu muda wa kufunguka. Mpira wake ulikuwa umekwisha na spring imelegea. Ikisimama kwenye taa inalia kra-kra-kra, kama mtu anakwangua masufuria.

Fundi mmoja mjini alitaka kuweka washa, kile kipete cha chuma, nyuma ya spring ili ikaze. Okello akachukua helmet yake. "Huyu anataka kuua mzee wangu mara ya pili," akaniambia nje. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Kaka yangu akapata mpya Nairobi, akaituma na basi. Jumamosi tukafungua. Plagi nje, tensioner nje. Gasket tuliyokuwa nayo, ile karatasi ya kuziba mafuta, haikukaa, nikasema nitatafuta nyingine wiki hii. Pikipiki tukaiacha verandani, tumeifunika na shuka.

Sasa sikilizeni. Tensioner ikiwa nje, injini haizungushwi hata kidogo. Cheni imelegea, itaruka meno.

Jana msibani kwake, Mama Acen, mke wake, alinivuta pembeni. Macho mekundu, sauti kavu. "Huyu aliingia Kampala na hii pikipiki. Atatoka nayo. Kesho itangulie mbele ya gari la mwili mpaka tupite Bwaise, tutoke mjini, halafu mtapakia kwa lori. Utaweza?"

Nikasema ndiyo. Ningesema nini?

Nikaenda verandani. Pikipiki haiko.

Nikaikuta nyuma ya jiko! Vijana wa kazini kwake walikuwa wanasimamisha hema, wakaona inawazibia. "Tulivuta tu kinyumenyume, madam," konstebo mmoja akaniambia, tena anajivunia. "Ilikuwa nzito kidogo, lakini tulikuwa wengi."

Ilikuwa nzito kwa sababu iko kwenye gia! Banange! Nilifoka hapo hapo msibani mpaka wazee wakageuka. Kila walipoivuta injini ilizunguka kinyume, cheni imelegea vile. Ningefunga tu na kupiga kiki, valvu zingegonga pistoni, na spea za injini ile hazipatikani tena. Mama Acen angemzika mumewe na pikipiki siku moja.

Alisikia kelele zangu, akaja na kigoda, akakaa kando yangu. Wanawake wakamfuata kumrudisha ndani. Akawakatalia. "Niko na kazi," akasema, akashika tochi.

Nilipofungua kifuniko cha juu, ni kweli, cheni ilikuwa imeruka. Injini ina alama mbili za kulinganisha: ya chini ikikaa mahali pake, ya juu imeshapita. Nikatoa bolti za gia ya juu, nikairudisha polepole, nikavalisha cheni upya. Nikakagua. Nikakagua tena, maana jana sikujiamini. Tensioner mpya ikaingia, na gasket niliyoinunua kabla ya ile simu ikakaa. Nikazungusha injini kwa spana, nasikilizia kama kuna kitu kinagonga. Laini. Nikarudisha kifuniko na plagi.

Kiki ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Wazee wote sasa wanatazama huku. Mama Acen bado ameshika tochi, inawaka na jua liko juu.

Yule konstebo akainama. "Madam, petroli umefunga."

Aibu gani hii! Nikafungua, nikapiga kiki, ikawaka. Haina kra-kra, haina chochote. Mama Acen akaisikiliza kidogo, halafu akalia kwa sauti, na dada zake wakasema hajalia hivyo tangu Jumatatu. Nikamwachia injini iendelee.

Naandika haya barracks, tunasubiri msafara upangwe. Mama Acen amenipa ufunguo.

Afande, miaka yote hukuniruhusu hata kuipeleka kuweka petroli. Nikikuomba unasema, "Wewe Mkenya, utaendesha hii siku nikifa," tunacheka, unaweka ufunguo mfukoni. Nilikuwa naitamani sana, unajua. Sasa nimeikalia, gari lako liko nyuma yangu, na ninachotaka ni wewe utoke humo uniambie nishuke.

Haya rafiki yangu, twende nikusindikize. Nitaendesha polepole.