"Married to", Siyo "Married with"

Leo nimetolewa nje ya darasa la tuisheni hapa Makoko, na umri wangu huu!

Mjukuu wangu Nyangeta anajiandaa na mtihani wa Kiingereza wa kuingia chuo. Kwenye zoezi aliandika "She is married to a doctor". Mwalimu wake akamwekea kosa, akaandika "with".

Jamani!

Enzi za Ujamaa, shuleni Bunda, tulikuwaga tunapalilia pamba asubuhi, mchana tunaimba "married to, married to" mpaka inakaa kichwani.

Nikaenda. Nikamwambia kwa heshima, "Mwalimu, hapa mtoto amepata."

Akacheka mbele ya darasa zima. "Bibi, hicho Kiingereza chenu cha jembe kimepitwa na wakati."

Nikamfungulia kamusi. Akasoma. Halafu akaifunga. "Bibi, naomba utoke, unanivurugia kipindi."

Na alama ya mtoto hakurudisha!

Jibu lilikuwa limeshafika mdomoni. Nyangeta akanishika mkono, akaninong'oneza, "Bibi, nenda tu. Ukiondoka, mimi ndiye ninayebaki naye."

Nikatoka. Mpaka sasa chai sijaigusa.

Walimu wenzangu mliostaafu, nyie mngetoka?