Jina Ambalo Apolonia Hakulitaja

Apolonia aliuza dagaa soko la Ushirombo huku akili yake imekwenda matembezi. Mteja humwita mara mbili, asipoitikiwa hugonga kopo. Alizaliwa Chato, kando ya ziwa, na nadhani sehemu yake moja ilibaki kule majini. Jua lichome mabati, watu wagombanie kivuli, yeye ametulia tu na uso wa mtu anayetazama mawimbi. Mimi niliuza nyanya meza ya jirani, na mara nyingi nilimpimia wateja wake ili wasije wakaondoka.

Alikuwa mjane. Mumewe, Ngusa, alifukiwa na kifusi ndani ya duara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo. Tangu azikwe, baba yake hakulitamka tena jina la mwanawe. Zamani mtaa mzima ulimwita mzee huyo Baba Ngusa. Baada ya msiba ukimwita hivyo haitiki, anakupita kama upepo. Basi tukazoea kumwita kwa jina lake, mzee Ndaki.

Sote isipokuwa Apolonia, maana mkwe hatajwi jina. Siku tuliyompeleka mzee zahanati, yuko hoi kwa homa, muuguzi akauliza mgonjwa anaitwa nani. Apolonia akanigeukia, nikalitaja mimi. Muuguzi alicheka; asiyejua maana haambiwi maana.

Ndugu zake walimtaka arudi Chato. Akabaki kumpikia mzee ugali, wakila kimya, kila mtu na sahani yake. Kitu kimoja kilimuuma, aliwahi kuniambia: mtu pekee aliyempenda Ngusa kama yeye hakutaka hata kusikia akitajwa.

Ndipo akatokea Sunil, mtoto wa mwenye duka la vitambaa, na filamu yake. Alitaka kututisha, lakini si kwa damu ya rangi na makelele. Yake ingekuwa ya akili: mjane anasikia sauti ya mkwe wake aliyekufa, asijue kama mzimu uko shimoni au kichwani mwake. Alimwona Apolonia nyuma ya dagaa zake, akasema uso ndio huo. Hadithi nzima hakumwonyesha mtu, eti hofu isije ikapoa. Kila siku aliwapa waigizaji maneno ya siku hiyo tu.

Walipigia picha kwenye mashimo yaliyoachwa, njia ya Buseresere. Nilikwenda kushika taa. Walichoma majani mabichi ili pawe na ukungu, na kweli palipendeza: vichaka vilielea, Apolonia akapita katikati yake kana kwamba anaota. Halafu mzimu ukaanza kukohoa. Mzimu wenyewe alikuwa Maduhu, muuza nyama, na shuka lake lilikuwa bado na chapa ya kiwanda mgongoni.

Siku ya mwisho Sunil akasema, "Sasa dada, unauita mzimu kwa jina lake, nao unakimbia. Sema: Ndaki!"

Apolonia akasimama.

"Siwezi."

"Ni jina tu, dada."

"Kwako jina. Kwangu mkwe."

Sunil alishika kichwa. Alilisikia jina hilo sokoni, likampendeza; hakujua lina mwenyewe. Na Scolastika, aliyeigiza mganga, alishatamka mbele ya kamera kwamba mzimu utakimbia ukiitwa Ndaki, kisha akarudi zake Kahama. Tukabembeleza, tukachoka. Mwishowe Apolonia akafumba macho, akavuta pumzi, akaita kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake: "Baba Ngusa!"

Maduhu akakimbia hivyo hivyo.

Filamu ilionyeshwa ukumbini mchana, madirisha yamezibwa kwa mablanketi, mwanga umekuwa wa kahawia kama chai. Mzee alikuja akakaa nyuma kabisa. Maskini Sunil! Watu walicheka kikohozi, wakacheka chapa ya shuka, wakaisoma kwa sauti. Mganga akasema Ndaki, shingo zikageuka kumtazama mzee, wakacheka zaidi. Nilitamani kuwazaba makofi. Apolonia alikuwa ameinamisha kichwa benchi la mbele.

Kisha sauti yake ikajaa ukumbi: "Baba Ngusa!"

"Silo hilo!" wakapiga kelele. "Umekosea jina!"

"Naam," akaitika mtu kutoka nyuma.

Mzee Ndaki alikuwa amesimama, mwanga wa picha ukicheza usoni pake. "Naam, nipo," akarudia, macho yake kwenye kitambaa cheupe ambako mkwewe alikuwa bado amesimama kwenye moshi.

Kicheko kikakatika. Mwanamke mmoja karibu nami akajiziba mdomo kwa khanga. Apolonia aliinuka, akapita katikati ya mabenchi hadi nyuma, akapiga magoti.

"Shikamoo, Baba Ngusa."

Mzee akaondoa macho kwenye kitambaa, akamtazama. Tukangoja.

"Marahaba," akasema. "Marahaba, mke wa Ngusa."