Chanzo cha Tatu

Mwalimu wa bayoteknolojia wa binti yangu alitaka vyanzo vitatu vya kuaminika, na haki ya Mungu vile vyanzo vilinionyesha cha mtema kuni. Viwili viwe maandishi ya kisayansi. Cha tatu kiwe mtu hai, mtaalamu aliyesomea jambo lenyewe, akubali kuhojiwa. Fomu irudi Ijumaa ikiwa imejaa. Asiyeijaza angeendelea na darasa kama kawaida, lakini nafasi ya kwenda maabara ya chuo kikuu wakati wa likizo ya kiangazi aisahau. Na hiyo nafasi ndiyo binti yangu wa miaka kumi na sita alikuwa akiililia tangu mwaka uliopita. Alikuwa amebandika picha ya maabara kwenye mlango wa friji, juu ya ratiba yangu ya kazi. Mimi natunza wazee hapa Alexandria, Amerika, na ratiba yenyewe hubadilika kila wiki, lakini sikuibandua ile picha.

Mada yake ilikuwa matibabu mapya ya sikoseli, yale ya kurekebisha jeni ndani ya seli za mgonjwa mwenyewe. Kanisani kwetu Springfield, Watanzania huuita ugonjwa huo selimundu. Sisi Wakenya tunautaja kwa Kiingereza, tena kwa sauti ya chini. Nilidhani kazi itakuwa rahisi. Intaneti si imejaa kila kitu? Aka! Kila makala aliyoifungua ilimwonyesha aya moja ya juu, halafu mlango ukafungwa: jisajili, lipia, wewe si mwanachama. Akageukia ile programu ya akili bandia iliyo kwenye simu yake. Hiyo haikumfungia mlango. Ilimpa makala tano papo hapo, kila moja na kichwa chake, waandishi wake, mwaka wake na namba za kurasa. Nikasema Mungu ni mwema.

Jumamosi, siku yangu ya pekee ya kukaa na miguu juu, nikampeleka maktaba akazichukue. Mama wa maktaba alitafuta kwenye kompyuta, akatafuta tena, akavua miwani.

"Makala hizi hazipo," alisema.

"Hazipo hapa kwenu?"

"Hazipo popote. Hazijawahi kuandikwa."

"Lakini zina namba za kurasa!" Nilisema hivyo kwa sauti mpaka watu wakageuka. Nilikuwa nimepandwa na hasira kweli. Mtu wa kawaida akidanganya, angalau hukwepa macho yako. Hii kitu inakudanganya na namba za kurasa juu! Yule mama hakucheka, Mungu ambariki. Alimtengenezea binti yangu kadi, akamwonyesha pa kuingilia kusoma makala bila kulipa, na kufikia saa kumi tulikuwa na makala mbili za kweli, zimepigwa chapa, na wino wake bado una joto. Kikabaki cha tatu.

Sasa hapo ndipo palipokuwa na kazi. Katika mji huu ukitupa jiwe litampata mwenye shahada ya uzamivu, lakini jaribu kumpata mmoja akujibu. Binti yangu aliandikia wanasayansi kumi na moja. Tisa walinyamaza. Mmoja alijibu kwa barua inayojituma yenyewe kusema yuko safarini. Mwingine alimtakia kila la heri. Nilimwomba muuguzi mmoja ninayekutana naye kazini, akasema hawezi kuzungumza bila ruhusa ya ofisi, na ofisi inataka ombi la maandishi, nalo huchukua wiki sita. Wiki sita, na sisi tuna siku sita!

Mficha uchi hazai. Nikaandika kwenye grupu ya wanawake wa kanisa: jamani, mwanangu anatafuta mtaalamu wa sikoseli. Kabla sijaweka simu chini, ikaanza kulia. Picha ya majani ya mpapai. Sauti ya dakika ishirini na mbili juu ya bitiruti na maombi ya kufunga. Mama mmoja Mkongo akatuma video ya Kifaransa ya mtu aliyevaa koti la daktari akiuza chupa. Na mimi kila mmoja nikamjibu: asante mama, ubarikiwe.

Binti yangu alikuwa akisoma begani kwangu. Yeye Kiswahili anakisikia chote lakini hujibu kwa Kiingereza, kwa hiyo maneno yake nayageuza mimi. "Kwa nini unawashukuru kwa vitu ambavyo si kweli?"

"Hiyo inaitwa adabu," nikamwambia.

Ndipo mmoja akaandika: si mumuulize Daktari? Nikajipiga paji la uso. Daktari! Jamani, tulikuwa naye kila Jumapili.

Daktari ni mzee wa kama miaka sabini, mtu mpole, anayeegesha magari ya wageni katika hoteli moja. Hakuna aliyeshangazwa na kazi hiyo. Sote tunawajua wahasibu wanaosukuma viti vya magurudumu na walimu wakuu wanaoendesha teksi. Huku ukifika, vyeti vyako vinageuka karatasi za kufungia maandazi. Kwa hiyo tulijua bila kuambiwa: mzee alikuwa daktari nyumbani, Amerika ikamkatalia, akanyamaza kiume. Na mtu kama huyo humuulizi mambo ya vyeti. Unamtonesha kidonda cha nini? Unamwita Daktari kwa heshima zote, unamwekea kiti cha mbele harusini, na ukiumwa mgongo unamwonyesha baada ya ibada. Mimi mwenyewe alikuwa amenishauri juu ya presha yangu kwa miaka minane.

Nikampigia Jumanne. Mwanzoni alisita. "Mama, mtafutieni mtu aliye kazini," alisema. Nikamwambia aache unyenyekevu, mtoto anaangamia. Basi akazungumza na binti yangu nusu saa nzima: jinsi seli zile zinavyojikunja, jinsi damu yao inavyoonekana chini ya darubini, jinsi mtoto anavyolia mifupa ikimuuma. Binti yangu alijaza kurasa nne. Nikapika chapati, kwa furaha tu.

Jumatano akaipeleka fomu shuleni, na jioni hiyohiyo ikarudi. Mwalimu alikuwa amechora duara kwenye nafasi iliyo wazi: mtaalamu huyu amesomea wapi, na ana shahada gani?

"Mpigie," binti yangu akasema.

Nimpigie niseme nini? Mzee, nionyeshe cheti? Hilo swali si la simu. Alhamisi jioni tukashika barabara ya Woodbridge, katika msongamano ule unaomfanya Mkristo atukane. Nilibeba majani ya chai na sukari, maana mkono mtupu haulambwi. Mzee alitupokea kwa furaha, akatuwekea chai. Nikaulizia mkewe aliyekuwa kazini. Nikaulizia wajukuu. Nikasema baridi ya mwaka huu imezidi. Nikasifu mapazia. Chai ikapoa, fomu iko kwenye mkoba wangu, na ulimi wangu umekataa katakata kunyanyuka.

Binti yangu akachoka nami. Akageuka, na kwa Kiswahili chake cha kuchechemea akasema, "Mzee, samahani. Ulisoma udaktari wapi?"

Nilitamani ardhi inimeze. Mzee aliweka kikombe chini polepole.

"Sikusoma," alisema. "Nilikuwa mhudumu wa maabara, hospitali ya wilaya. Nilianza kwa kuosha vile vigae vya kioo vya darubini. Baadaye wakanifundisha kupaka damu rangi na kuitazama, kwa sababu watu walikuwa wachache. Miaka kumi na tisa. Nilipofika huku, mama mmoja kanisani akaniuliza nilifanya kazi wapi, nikasema hospitali. Jumapili iliyofuata nikawa Daktari. Nilijaribu kukanusha mara mbili. Wakasema, tazameni mtu huyu asivyo na majivuno." Akamtazama binti yangu. "Mjukuu wangu, wewe ndiye wa kwanza kuniuliza."

Binti yangu akatoa kalamu, akaandika: mhudumu wa maabara, miaka kumi na tisa. Akamuuliza tahajia ya jina la hospitali, na mzee akamtajia herufi moja moja, amekaa wima kwenye kiti.

Ndani ya gari mimi nilikuwa nachemka. Nilimkasirikia mzee, nikalikasirikia kanisa, na zaidi ya yote nikajikasirikia mimi na presha yangu ya miaka minane. Lakini kesho ilikuwa Ijumaa. Nikamwambia, "Futa hiyo. Andika daktari. Andika alisomea nyumbani. Nani atapanda ndege kwenda kuangalia?"

Akasema, tena kwa Kiswahili, "Mama, mimi ameniambia ukweli."

"Na maabara je? Mwaka mzima umeililia!"

"Najua, Mama." Akageuzia uso dirishani, akalia mpaka tukatoka barabara kuu, na fomu hakuigusa.

Ijumaa akaipeleka vilevile. Mwalimu alimwambia mahojiano yalikuwa ya kuvutia sana, lakini mzee huyo ni shahidi, si mtaalamu, na sheria ni sheria. Nafasi ikaenda kwa mwingine. Jioni alibandua ile picha ya friji, na ratiba yangu ikaonekana yote. Nilienda bafuni nikafungulia maji ili asinisikie nikilia.

Jumapili, baada ya ibada, mzee alitungoja kwenye maegesho ya kanisa. Alikuwa amevaa suti yake ya kijivu, na watu walikuwa wakimpita, Daktari hujambo, Daktari Mungu akubariki. Alipotuona alivua kofia. Nikaona mikono yake inaizungusha ile kofia, inaizungusha.

"Mama," akauliza, "mtoto alipita?"

Ningeweza kusema pole. Ningeweza kusema chochote. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, lakini wangu ulishatangulia. "Alipita, Daktari!" nikasema, na tabasamu juu. "Tena vizuri sana. Mwalimu alikusifu."

Mzee akafumba macho, akasema, "Bwana asifiwe." Binti yangu alikuwa amesimama kando yangu, ameshika Biblia yangu. Alimpa mzee mkono kwa adabu zote, akamwambia kwaheri, akaenda kuketi ndani ya gari. Njiani hakunigombeza. Hakuniuliza kitu.

Lakini tangu siku hiyo, nikimwambia kitu, hata nikisema tu kwamba nje mvua inanyesha, kwanza huenda dirishani akatazama mwenyewe.